Mwindo, Miiko na Uhuru wa Wana wa Mungu

Methali yasema: Mwacha mila ni mtumwa. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wagalatia, alisema neno lionekanalo kuwa kinyume chake. Aliwaonya kwamba mtu anayetegemea kushika sheria ili apate kuwa mwenye haki mbele ya Mungu, huyo ndiye arudiaye utumwa. Je, nani asema kweli? Twataka kulitafuta jibu katika hadithi waliyoijua wazee wetu wa Walikale, yaani hadithi ya Mwindo.

Yafaa kwanza kueleza jinsi hadithi hiyo ilivyoingia kitabuni. Mwaka 1956, katika nchi ya Kisimba, Mnyanga mmoja mzee, Shekarisi Rureke, aliiimba na kuisimulia kwa siku 12 mfululizo, huku ngoma ikipigwa na watu wakiitikia. Mbelgiji Daniel Biebuyck, mchunguzi wa mila, alikuwako pamoja na wasaidizi wake, wakaandika neno kwa neno. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliye Mnyanga mwenyewe, wakaitoa kwa Kinyanga na Kiingereza katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California huko Marekani. Hivi hadithi iliyokuwa ikisimuliwa vipande vipande motoni jioni ikapata kusomwa duniani kote.

Habari zenyewe ni hizi. Shemwindo, mwami wa kijiji cha Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti tu; mtoto wa kiume akizaliwa atauawa. Lakini Nyamwindo, mkewe mpendwa, akamzaa Mwindo, mtoto aliyetembea na kusema siku ile ile ya kuzaliwa. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma, akamtupa mtoni. Mwindo akaelea mpaka kwa Iyangura, shangazi yake, akarudi kwa vita, Tubondo ikateketea. Baba akakimbilia kuzimu. Mwindo akamfuata huko, akamshika, akamrudisha juu.

Hapo msikilizaji angojea kisasi. Lakini Iyangura amwambia Mwindo awafufue kwanza watu wa Tubondo waliokufa, naye awafufua. Kisha baraza lakutana. Shemwindo akiri kosa lake mbele ya wote. Mwindo hamwui, hamfukuzi, hamtozi fidia. Amsamehe, nao wagawana nchi.

Baadaye, Mwindo akiwa mwami, aliua joka kubwa, Kirimu, lililowameza wawindaji wake. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, waliyefanya naye mapatano ya damu. Nkuba akamchukua Mwindo juu, akakaa huko mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua na jua, hata kiburi chake kikavunjika. Aliporudishwa alipewa amri: asiue tena mnyama hata mmoja, wa msituni wala wa kijijini; siku atakapoua, atakufa. Naye akawapa watu wake sheria zake: walime vyakula vya namna nyingi, wasigombane, wasitamani wake za wengine, wasimcheke mgonjwa, wamheshimu mwami wao.

Sasa tuseme lililotufanya tushike kalamu. Mara kadhaa, katika mafundisho ya vijijini, tumesikia hadithi hii ikitumiwa namna moja tu. Mwalimu hupita haraka ngoma, mto na kuzimu, afike mbinguni kwa Nkuba. Hapo husimama na kusema: “Mwaona? Hata wazee wetu walijua kwamba Mungu hutoa amri, na avunjaye hufa. Mwindo ni kama Musa wetu.” Kisha hufuata orodha ya amri za parokia, na mwisho watu huenda nyumbani na woga mwingi kuliko waliokuja nao.

Ndugu, tumepata kufundisha hivyo sisi wenyewe. Leo twaona tulisoma vibaya. Tulisoma mwisho wa hadithi tukaacha kiini chake.

Tazameni jinsi hadithi ilivyopangwa. Yaanza kwa sheria, nayo ni sheria ya baba anayeogopa mwanawe. Yaisha kwa sheria, nayo ni sheria ya radi inayolipiza kifo cha rafiki yake. Katikati, mbali na sheria zote mbili, limewekwa tendo la rehema: mtoto aliyetupwa amsamehe aliyemtupa, na wafu wasimama. Tendo hilo halikuamriwa na Nkuba. Lilitendeka kabla Mwindo hajapanda juu, nalo lilianzia katika maneno ya shangazi aliyempenda.

Tena kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Mwindo aliposhuka kuzimu, alichukua kamba, akampa Iyangura ncha yake moja aishike. Kamba ikitulia, shangazi atajua kwamba mtoto amekufa. Shujaa huyu ambaye hata mikuki haikumweza hakushuka bila mtu wa kushika kamba. Twaona hapo Rureke alisema kweli kubwa kuliko sisi makatekista wake tuliosoma: nguvu ya Mwindo haikutosha, ilibidi kuna apendaye huko juu. Hatusemi kwamba Wanyanga walikuwa na mafundisho ya neema. Twasema kwamba moyo wa mtu, hata kabla ya kusikia Injili, waijua njaa ya neema.

Na hapa ndipo hadithi yapungukiwa, wala si kosa la msimulizi. Mbingu ya Nkuba ina amri, baridi na hofu, lakini haina moyo. Nkuba alimpenda Kirimu, Mwindo hakumpenda. Alimpa amri njema, twakubali. Katika misitu ya Walikale, ambako sokwe wakubwa na wanyama wengine wamewindwa vibaya, amri ya kutoua ovyo ingefaa kusikilizwa hata leo. Lakini hakumpa nguvu ya kuishika ila hofu ya kifo. Mtakatifu Paulo alieleza udhaifu huo katika Barua kwa Warumi, sura ya 7: sheria ni takatifu, yaonyesha dhambi ilipo, lakini haimtoi mtu ndani yake. Ni kama ugo wa shamba. Ugo huzuia mbuzi, nao ni wa lazima. Lakini hakuna mkulima wa Masisi aliyewahi kuona ugo ukiotesha maharage. Mvua ndiyo iotayo mbegu, nayo hushuka bila kulipiwa.

Mwaweza kuuliza: haya yahusu nini maisha yetu? Yahusu sana. Tangu tarehe 20 Machi 1993, vita ilipoanza katika soko la Ntoto huko Walikale na kuenea Masisi, vijana wetu wengi wamepitia mikono ya waganga wa vita. Hunyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isiwapate. Pamoja na maji hupewa miiko: usiibe, usimguse mwanamke, usile chakula fulani. Baadhi ya miiko hiyo ni mizuri. Lakini tazameni inavyofanya kazi. Kijana akirudi mzima, dawa imesifiwa. Akipigwa risasi akafa, wenzake husema: alivunja mwiko. Hivyo dawa haishindwi kamwe. Mtu ndiye ashindwaye kila mara, hata maiti yake huhukumiwa. Mama yake hawezi hata kumlilia bila aibu.

Sasa tujiulize kwa haki: je, sisi hatukufanya Sakramenti za Kanisa kuwa dawa ya namna hiyo? Mkristu akipatwa na msiba, ni mara ngapi twanong'onezana kwamba hakulipa mchango, au alikosa Misa Dominika mbili? Tukisema hivyo, tumemrudisha Nkuba juu ya altare.

Twatoa mfano mmoja, na kosa ni letu. Kijana mmoja alirudi kutoka kikundi cha wenye silaha. Alikuja kwetu jioni, akaomba kurudi katika Kanisa. Tulimsomea orodha: alete kadi ya ubatizo, ambayo ilikuwa imeungua pamoja na nyumba yao, alipe mchango wa miaka mitatu, apate barua ya mkuu wa shirika lake, apate shati safi la kanisani, ahudhurie masomo miezi sita. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Mwalimu, hata kule msituni walinipa orodha. Ile ilikuwa fupi.” Akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vizuri. Majuma machache baadaye padri alikuja kuzungukia vijiji. Tulimweleza habari. Hakutugombeza, aliuliza tu kijana akaa wapi, akatembea mwenyewe mpaka huko. Alimwungamisha chini ya mti wa avoka, akampa kitubio, akamwondolea dhambi. Juma lililofuata tulimwona kijana yule akilima shamba la mjane mmoja ambaye mbuzi wake waliliwa na kikundi kile. Hakuna aliyemwamuru. Na twakiri kwa aibu: katika orodha yetu ndefu, mjane yule hakuwamo.

Hapo tulielewa Barua kwa Wagalatia kuliko tulivyoielewa seminarini. Matendo mema hayakuwa bei ya kununua msamaha. Yalikuwa matunda ya msamaha uliokwisha kutolewa. Baba wa mwana mpotevu, katika Injili ya Mtakatifu Luka, alimkimbilia mwanawe akiwa bado mbali, kabla hajamaliza hotuba aliyoitunga njiani. Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa na hesabu ya amri zote alizozishika, naye ndiye aliyebaki nje ya karamu.

Wengine watasema: “Mwalimu, haya ni mafundisho ya Waprotestanti.” Sivyo. Ni imani ya Kanisa tangu zamani, nayo ililindwa hasa na Mwafrika, Mtakatifu Augustino wa Hipo. Pelagio alipofundisha kwamba mtu aweza kuwa mwema kwa nguvu zake mwenyewe, maaskofu wa Afrika walikutana Kartago mwaka 418 wakalikataa fundisho hilo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulitamka kwamba neema hutangulia, na hakuna mtu astahiliye mwanzo wa kuhesabiwa haki kwa matendo yake. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hilo hilo. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, mwaka 2018, katika waraka wake juu ya utakatifu, Gaudete et Exsultate, alionya kwamba kosa la Pelagio lingali hai ndani ya Kanisa. Basi jirani zetu Wabaptisti na Wapentekoste wakituambia kwamba Wakatoliki hujiokoa kwa matendo, tusikasirike upesi. Tuwajibu kwamba Kanisa halifundishi hivyo. Kisha tujichunguze kama sisi makatekista hatujawapa sababu ya kudhani hivyo.

Wengine tena wataogopa: “Mkiondoa orodha, watu watafanya wapendavyo.” Hofu hiyo si bure, na Mtakatifu Paulo aliijua. Katika sura ya 5 ya barua ile ile awaonya Wagalatia wasiufanye uhuru kuwa nafasi ya mwili, bali watumikiane kwa mapendo. Mtaguso wa Trento nao ulikataa kusema kwamba Mkristu hafungwi na Amri za Mungu. Wala hatusemi kadi ziteketezwe au mafundisho yafupishwe: kitabu cha ubatizo chahitajika, na katekumeni apaswa kufundishwa vema. Twasema tu kwamba kila kitu kikae mahali pake. Mtoto wa nyumbani hutii, na mtumwa hutii. Tofauti yaonekana siku ya kukosea. Mtumwa hukimbia nyumba. Mtoto hurudi, kwa kuwa ajua ni kwao.

Basi turudi kwenye methali yetu. Mwacha mila ni mtumwa, ndiyo, kwa kuwa mtu asiye na kwao huchukuliwa na kila apitaye. Vijana wetu walio katika machimbo ya Bisie na Rubaya wanaijua hali hiyo. Lakini kwetu sisi wabatizwa ni nyumba ya Baba, na mila ya nyumba hiyo ni msamaha. Anayeiacha hiyo, ajapoishika miiko yote, ndiye mtumwa.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu makatekista: mkiisimulia hadithi ya Mwindo, msipande haraka kwa Nkuba. Kaeni kwanza Tubondo, barazani, pale baba asiyestahili aketipo mbele ya mwana aliyemtupa mtoni. Waulizeni wasikilizaji: je, ninyi mngefanya nini? Katika nchi yetu, ambako hakuna kilima kisicho na mtu aliyeporwa au kufiwa kwa mkono wa jirani, hakuna atakayejibu upesi. Waacheni wanyamaze kidogo. Kisha wasomeeni habari za Msalaba, na wakitaka kuungama, waiteni mapadri.