Baiti Nne za Kwanza

Faili ya qcow2, mojawapo ya fomati za diski ya mashine pepe, huanza na baiti nne zisizobadilika: Q, F, I, na moja isiyosomeka kama herufi. Faili ya VHDX, ya kampuni ya Microsoft, huanza na neno vhdxfile. VMDK ya VMware hujitaja kwa KDMV. VDI ya VirtualBox huiweka alama yake ndani kidogo, kwenye baiti ya 64. Yote ni majina yaliyobandikwa mlangoni. Programu inayoendesha mashine pepe, tuseme QEMU ambayo Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2003, husoma mwanzo wa faili na kuziuliza draiva zake, kila moja ya fomati yake, moja baada ya nyingine: je, hii ni yako? Kila draiva hujibu kwa alama, kuanzia 0 hadi 100, na yenye alama nyingi ndiyo inayokabidhiwa faili.

Kisha kuna faili ghafi. Haina kichwa wala jina. Baiti yake ya kwanza ndiyo baiti ya kwanza ya diski yenyewe. Draiva yake hujibu 1 siku zote. Hupokea kile ambacho wenzake wote wamekikataa.

Jambo hili nimelifikiria miaka mingi. Mashine pepe tunaiita mgeni, na kompyuta inayoibeba tunaiita mwenyeji. Mgeni aliyepewa diski ghafi ameimiliki yote, hata sekta ya kwanza. Anaweza kuandika pale kichwa halali cha qcow2, na ndani ya kichwa hicho akataja faili ya msingi, yaani faili nyingine ambayo diski yake eti imejengwa juu yake. Anataja faili ya siri ya mwenyeji. Halafu anazima mashine na kusubiri. Ikiwashwa tena, mwenyeji anasoma mwanzo, anaona QFI, anaamini, na anaifungua faili ile kwa mamlaka yake mwenyewe. Mgeni anasoma diski yake kama kawaida, na siri za mwenyeji zimo. Hakuna kufuli lililovunjwa. Kosa hili liliandikishwa mwaka 2008 kwa namba CVE-2008-2004, dhidi ya QEMU 0.9.1.

Mtu wa haraka angesema basi tunoe macho, tukague kichwa kwa makini zaidi. Lakini kichwa kile si cha kughushi. Ni qcow2 kamili, sahihi kila baiti. Waliolishughulikia tatizo hili walikubali jambo ambalo fundi hodari hulikubali kwa shida: swali lenyewe halijibiki kwa kutazama. Fomati ya diski ni habari ya mahali ilikozaliwa. Aliyeiunda anaijua, na aiandike mahali ambapo mgeni hafiki. Ndiyo maana ya format=raw kwenye amri ya kuwasha mashine. Mwaka 2010 libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, nayo ilirekebishwa jeraha hilohilo, safari hii ngazi moja chini, kwenye fomati ya faili ya msingi. Na tangu toleo la 6.1, qemu-img, zana ya QEMU ya kuunda diski, haikubali kuunda diski juu ya faili ya msingi ambayo fomati yake haijatajwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ulinzi waliowawekea wanaosahau. Usipotaja fomati, na QEMU ikakisia kuwa faili ni ghafi, inakuonya, kisha inalinda sekta ya kwanza wakati wa kuandika: mgeni akijaribu kuweka pale kitu kinachofanana na fomati nyingine, anakataliwa. Nilipoliona onyo hilo mara ya kwanza kwenye seva niliyoitunza, nilidhani ni kero. Nilipoelewa sababu yake, niliona aibu kwa haraka yangu.

Kwenye huduma za wingu kuna ugumu mwingine, kwa kuwa mteja huleta faili iliyoundwa kwingine. Hapo kutazama hakuepukiki. Mwaka 2024, CVE-2024-32498 ilionyesha kuwa qcow2 iliyoletwa na mteja wa OpenStack, programu ya kuendesha wingu, ingeweza kuelekeza kwenye faili ya data iliyo nje yake, na seva ikaifuata. Mkaguzi wa sasa wa OpenStack husoma baiti tu, bila kufungua chochote kinachotajwa ndani. Kichwa kikidai uwezo asioujua, faili haipiti. Diski iliyopakiwa ikitaja faili ya msingi, haipiti pia. Mkaguzi hakisii kwa adabu; anakataa.

Usiku huu, katika seva fulani, mgeni anaweza kuandika QFI kwenye sekta yake ya kwanza mara elfu. Asubuhi mashine itawashwa kwa format=raw, na baiti zile nne zitasomwa kama data yake mwenyewe.