Uvunjaji: Kulisoma Jedwali Kutoka Tosamaganga

Ukifungua taarifa ya hali ya uhalifu ambayo Jeshi la Polisi huitoa pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Tosamaganga, mkoani Iringa, huioni. Mistari ya majedwali ni mikoa ya kipolisi. Uvunjaji umo katika fungu la makosa ya kuwania mali, pamoja na wizi wa mifugo na wa pikipiki, na mstari wa Iringa unasemea watu 1,192,728 waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Misheni, hospitali na sekondari ya Tosamaganga zimo humo humo na Mafinga na Kilolo, zote ndani ya tarakimu moja.

Sasa weka Kanuni ya Adhabu kando ya jedwali hilo. Kifungu cha 293, kwa namba za toleo la 2022, kinamfuata mvunjaji hatua kwa hatua. Si lazima kitasa king'oke. Kusukuma mlango uliorudishwa tu, kuvuta dirisha, kupita kwenye dohani, kumlaghai mwenye nyumba akufungulie: kote huko ni kuvunja. Na kuingia kunatimia pindi sehemu yoyote ya mwili, au ya chombo ulichotumia, inapokuwa ndani. Mkono uliopenya kati ya nondo umeshaingia. Maandishi haya nayapenda. Aliyeyaandika aliutazama mlango. Kisha kifungu cha 294 kinaleta wakati: nyumba ya kuishi ikivunjwa mchana, kifungo ni hadi miaka 14, usiku, hadi 20. Usiku wenyewe haukuachwa hewani, kifungu cha 5 kimeupa saa ya kuanza na saa ya kwisha. Shule, duka, ghala na ofisi vina kifungu chao, cha 296.

Jengo, saa, namna ya kuingia: sheria inavitenganisha, jedwali linavimeza kwa neno moja. Hasara hiyo huumiza zaidi kijijini. Mkoani, namba kubwa huweza walau kuonyesha mwelekeo. Katika kijiji cha watu 4,000, tukio moja ni sawa na 25 kwa kila watu 100,000. Yakija mawili mwaka unaofuata, tayari ni ongezeko la asilimia 100. Hesabu ni sahihi, na mwenyekiti wa kijiji haimfai kitu. Yeye anataka kujua kama lilivunjwa bweni wakati wa likizo, ghala la mahindi baada ya mavuno, au nyumba ya muuguzi aliyekuwa zamu ya usiku, kwa sababu ulinzi shirikishi hupangwa kwa saa na kwa mahali.

(Na jedwali huanzia kwenye RB, kitabu cha taarifa cha kituo cha polisi. Aliyeishia kwa mtendaji wa kijiji, mahindi yakarudishwa na watu wakapatana, hahesabiwi.)

Wala mipaka ya mistari ya jedwali haikushuka mbinguni. Tarime na Rorya, wilaya mbili za Mara, ni mkoa wa kipolisi unaojitegemea. Dar es Salaam imegawanywa Ilala, Kinondoni na Temeke. Panapoonekana haja, mstari hukatwa. Basi na safu ya uvunjaji ikatwe: nyumba ya kuishi na jengo jingine, mchana na usiku. Mpelelezi wa Iringa anazo taarifa hizo tayari kwenye jalada, maana bila aina ya jengo hati ya mashtaka haiandikiki, si chini ya 294 wala 296, na chini ya 294 inahitajika saa pia.