Kila Mtu na Unga Wake

Mwenye mashine ya kusaga hauzi unga. Anauza kusagiwa. Mahindi umekuja nayo mwenyewe, ndani ya ndoo au mfuko wa nailoni, umeyateremsha uchagani au umepimiwa dukani, na unga utakaoondoka nao sharti uwe wa mahindi yayo hayo. Kazi nzima imesimama juu ya ahadi hiyo. Hapa Matuga, Kwale, kuanzia Ng'ombeni hadi Tiwi na kupanda mpaka Golini, sijui ufundi mwingine unaoingia kwenye sufuria za watu wengi hivi ukasifiwa kidogo hivi.

Viwanda vikubwa vilishika njia nyingine. Lord Delamere alianzisha Unga Limited mwaka 1908 kwa ajili ya ngano ya walowezi wa Bonde la Ufa. Vinu vya mahindi vilivyokuja baadaye navyo vikawa vinanunua nafaka kwa malori, vinaichanganya, vinaikoboa na kuondoa kiini. Kiini ndicho chenye mafuta, na mafuta ndiyo yanayouharibu unga. Ukishakitoa, pakiti inakaa dukani miezi. Unga wa mashineni umebaki na punje yote, basi hauna subira: ukipita wiki kadhaa unaanza kuwa mchungu. Ndiyo maana watu husaga kidogo kidogo, na foleni haiishi.

Kabla ya mashine palikuwa na kinu na mchi, na jiwe la kusagia. Mahindi yenyewe ni mgeni aliyetoka ng'ambo ya Atlantiki baada ya Wareno kufika pwani hii, akawakuta mtama na mawele wenyeji. Mwanamke alitwanga, akapepeta kwa uteo kutoa wishwa, akarudi kutwanga, na jua lilikuwa bado halijatoka. Nimewasikia wengi wakisema sima ya unga wa kinu ilikuwa na utamu wake. Karibu wote ni wanaume.

Kilichowapumzisha mikono akina mama ni injini ya dizeli. Maarufu zaidi Afrika Mashariki ilikuwa Lister ya Dursley, Uingereza, nguvu za farasi 6, mizunguko 650 tu kwa dakika, na magurudumu mawili mazito yanayoamshwa kwa mkono wa chuma. Ilipopitwa na wakati kwao, mafundi wa Rajkot, India, waliendelea kuunda injini za mfano wake. Mlio wake ulikuwa tangazo tosha: ukiusikia toka shambani unajua mashine imefunguliwa, ukikatika unajua umechelewa.

Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha mhimili ndani ya pipa la chuma, na kwenye mhimili zimening'inia nyundo, vibao bapa vya chuma vinavyoipiga punje hadi ipenye kwenye chekeche lenye matundu ya kama milimita moja. Mashine inajua hayo tu. Mengine yote ni ya fundi.

Nilimtazama mmoja pale Kombani, barabara ya Kwale inapoachana na ile ya Lunga Lunga. Mama mmoja aliweka ndoo yake chini. Fundi hakuangalia mahindi ya juu. Alizamisha mkono mpaka karibu na kiwiko, akatoa punje za chini, akaitia moja kinywani.

"Mama, haya ya chini bado mabichi. Yarudishe juani."

"Nimeyaanika siku tatu, fundi."

"Umeanika ya juu."

Nafaka yenye unyevu hulizibisha chekeche, pipa likapata moto na unga ukatoka umeshikana. Hilo ni la mashine. La watu ni zito zaidi: mahindi yanapaswa kukauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, la sivyo ukungu huyatia sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo, aflatoksini, iliua watu 125, wengi wao huko Ukambani. Na sisi huku mahindi ya mvua za mwaka huyavuna manyunyu hayajaisha vizuri. Fundi anayekataa pesa ya mama wa watu kwa sababu ya punje moja aliyoitafuna anafanya kazi ya afya bila koti jeupe.

Kisha kuna ile ahadi. Ndoo inapokwisha, unga wako mwingine bado umo ndani. Fundi hungoja mlio ubadilike, kutoka ule wa kugugumia hadi ule mwembamba wa pipa tupu, halafu huupiga mfuko wa kitambaa mdomoni mwa mashine kwa kiganja, mara tatu nne, hadi vumbi la mwisho lishuke kwenye beseni lako. Hapo ndipo humwita anayefuata. Mahindi hutangulia, makopa ya muhogo yakafuata. Pilipili hazikubali hata kwa bei mara mbili, maana anayefuata huenda amekuja kusagia uji wa mtoto.

Nyakati zimemjaribu fundi. Hadi soko lilipofunguliwa mwaka 1993, mahindi ya kuvuka wilaya yalihitaji kibali, na mavuno ya Matuga yalipokwisha mapema, mashine nayo ilikaa njaa. Mwaka 2017 serikali iliuza pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90, na foleni ikahamia madukani.

Tangu 2015 mradi wa kusambaza umeme umeleta mota hata vijijini. Mota haina moshi wala haihitaji kuamshwa kwa nguvu, na kijana mwenye mtaji kidogo anafungua banda lake. Mmoja alifungua, na baada ya miezi mashine ikaanza kutetemeka hadi bolti zikalegea. Alimwita yule fundi wa Kombani. Mzee alizichomoa nyundo zote, akazigeuza zile zilizolika pembe moja tu, kwani nyundo ina pembe nne na kuitupa kabla hazijaisha ni ubadhirifu. Kisha akaomba mizani ya dukani. Akazipima mojamoja, akaziweka kwa jozi za uzito sawa, kila jozi ikikaa pande mbili za mhimili zinazotazamana. Kijana alitaka kujua mizani ya nini wakati nyundo zote zimetoka kiwanda kimoja.

"Zilitoka pamoja," mzee akamjibu, "ila hazikulika pamoja. Washa."