Bisibisi Kumi na Saba

Kabla ya kugusa skrubu hata moja, fundi mmoja mzee alifungua silinda ya bastola, ikalalia upande wa kulia, akapitisha ncha ya kidole katika kila tundu kati ya yale sita. Alikuwa ameshayatazama kwa macho, tena kwa taa. Hata hivyo kidole kilipita.

Bastola yenyewe ilikuwa ya jeshi la Ufaransa, ile ya mwaka 1892 ya risasi za milimita 8, waliyokwenda nayo maofisa kwenye vita vya 1914. Imetengenezwa mjini mwake mzee huyo, Saint-Étienne, katika kiwanda cha silaha kilichoanza mwaka 1764. Ubavuni mwa mtutu imechongwa herufi S na mwaka ilipotengenezwa, 1897.

Nilikwenda kutazama bastola, lakini macho yangu yaling'ang'ania bisibisi. Zilikuwa kumi na saba ndani ya kopo la biskuti, na hapakuwa na mbili zilizolingana. Skrubu za zamani zina mfuo mwembamba kichwani, na bisibisi ya dukani ina ncha kama kabari: ukiizungusha hupanda, huchomoka na kumega kingo. Basi mzee akachukua jiwe la kunolea, akasugua ncha, akaijaribu kwenye mfuo bila kuizungusha, akaitoa, akasugua tena. Alifanya hivyo kwa muda wa kunywa chai vikombe viwili, kwa ajili ya skrubu moja. Ilipoingia hasa, ilikaa kama jino kwenye ufizi. Kisha mkono ukageuka kidogo tu, na skrubu iliyokuwa imeganda miaka mingi ikaitikia. Sijaona heshima ya namna hiyo kwa kitu kidogo kiasi kile.

Bamba la ubavu wa kushoto likafunguka kwenye bawaba kama dirisha, na mitambo yote ikawa mbele yetu: nyundo, kifyatulio, springi. Waliobuni silaha hii walimkumbuka mtu atakayeisafisha akiwa na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, wakamwachia mlango. Simu niliyokuwa nayo mfukoni imefungwa kwa gundi.

Fataki za risasi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi, huifunika tu, nayo kutu huendelea kula chini kwa chini. Askari wa enzi hizo walilijua hilo, ndiyo maana walimimina maji ya moto kwanza. Mzee naye alifanya vivyo hivyo, akakausha mpaka kitambaa kikatoka cheupe, ndipo akatia mafuta, tone kwa tone. Kutu nyekundu aliikwangua kwa kipande cha shaba, maana shaba ni laini kuliko chuma. Ile hudhurungi ya uzee hakuigusa kabisa, wala vishimo vilivyokwisha kuliwa.

Nyumbani kwa mtu mwingine niliwahi kuonyeshwa bastola kama hii, ndugu yake kabisa, iliyosuguliwa kwa msasa ikang'aa kama kijiko cha supu. Mwenyewe alijivuna. Herufi S ilikuwa imefutika, mwaka umefutika, na vichwa vya skrubu vilikuwa vimetafunwa. Vita viwili vikuu havikuifanyia hivyo. Ilifanyiwa mchana mmoja, kwa mapenzi yasiyo na subira. Nililiona hilo kuwa msiba, na bado naliona hivyo.

Kiwanda cha Saint-Étienne kilifungwa mwaka 2001, na majengo yake sasa ni kituo cha usanifu. Mzee alipofunga bamba, alifuta alama za vidole vyake na vyangu, kwa kuwa jasho pia ni chumvi. Akarudisha bisibisi koponi, akazihesabu. Hana mwanafunzi.