Ukingo Kabla ya Gundi: Uchambuzi wa Sampu ya Akriliki Kileleshwa

Kuanzia Othaya Road hadi Mandera Road, bangalo zenye bustani zimepisha maghorofa, na mfugaji wa samaki wa mapambo wa Kileleshwa leo anaishi juu ya dari la jirani. Hali hiyo imebadilisha hesabu nzima ya vifaa vya tangi la samaki. Lita 30 zikimwagika uani hunywewa na udongo. Zikimwagika ghorofa ya tatu, huharibu dari, samani na nyaya za umeme za watu wengine. Ndiyo maana ninapopima ujenzi wa sampu, yaani tangi la kuchujia maji linalokaa kabatini chini ya tangi la samaki, sianzi na pampu wala mpangilio wa vichujio. Naanza na ukingo wa kila kipande, jinsi ulivyokuwa kabla ya tone la kwanza la gundi kuugusa.

Malighafi haiko mbali. Karakana za mabango za Nairobi, kuanzia River Road hadi Industrial Area, huuza na kukata shiti za akriliki, ambazo mafundi wengi huziita perspeksi. Shiti kamili ni milimita 1,220 kwa 2,440. Yenye unene wa milimita 6 ina uzito wa kilo 21 hivi, ilhali kioo cha vipimo hivyohivyo hukaribia kilo 45. Akriliki hutobolewa kwa drili ya kawaida, haipasuki kirahisi, tena hushikilia joto vizuri kuliko kioo, jambo la maana usiku wa Julai baridi ya Nairobi inapoifanya hita ifanye kazi bila kupumzika.

Ila akriliki si moja. Kuna iliyomiminwa ikagandia katikati ya vioo viwili, na kuna iliyosukumwa ikiwa moto kupitia tundu bapa la mashine. Hii ya pili ni rahisi kwa bei na unene wake ni sawasawa, lakini huyeyuka upesi chini ya msumeno na hupata nyufa nyembamba ikikutana na gundi. Mwenye kujenga chombo cha maji aulize waziwazi, na achukue iliyomiminwa.

Baada ya kununua shiti, ujuzi wa mabango na mahitaji ya maji huachana njia. Fundi wa mabango hujivunia ukingo uliokatwa kwa leza, unaong'aa kama kioo, na kwa herufi za mlangoni ana haki ya kujivunia. Tatizo ni kwamba leza hukata kwa kuyeyusha. Ukingo hupoa ghafla huku ndani yake mvutano umefungiwa, na gundi ikifika hapo mvutano huo hufunguka kuwa nyufa ndogo kama nywele, nyingine zikionekana siku kadhaa baadaye. Kuung'arisha ukingo kwa moto kabla ya kuunganisha huleta madhara yaleyale. Kwa sampu, agiza vipande vikatwe kwa mashine ya CNC ya kuchonga au kwa msumeno wa meza wenye meno mengi, viachwe vikubwa kwa milimita moja, kisha uvimalizie mwenyewe kwa msasa uliolazwa juu ya kipande cha kioo bapa. Ukingo unaofaa haung'ai. Umenyooka, ni bapa, na una pembe mraba kamili na uso wa shiti. Simamisha vipande viwili kavu mbele ya dirisha: ukiona mwanga ukipenya kwenye kiungo, rudi kwenye msasa.

Ukali huu una sababu. Gundi ya akriliki haifanyi kazi kama gundi ya mbao. Dawa inayotumika sana karakanani ni klorofomu; nyingine ni dikloromethani, ambayo imo kwenye gundi nyingi za kiwandani za kazi hii. Zote hutiririka kama maji. Huyeyusha nyuso mbili zinazogusana, minyororo ya plastiki ya upande huu ikaingiana na ya upande ule, kisha dawa hugeuka mvuke na kuacha kitu kimoja. Dawa ya namna hii haiwezi kujaza pengo. Palipo na nafasi patabaki na viputo, na kiputo kwenye kiungo cha chini ni mwanzo wa mvujo.

Njia ninayoiamini ni ya waya. Weka vipande vya waya mwembamba kati ya nyuso mbili ili kuacha mwanya mdogo, ingiza dawa kwa sindano yenye ncha nyembamba, iache ijisambaze yenyewe kwenye mwanya, subiri nusu dakika hivi nyuso zilainike, kisha vuta waya mmoja baada ya mwingine. Uzito wa kipande chenyewe hukandamiza kiungo. Kukandamiza kwa nguvu kunakamua dawa na kukiacha kiungo kikavu. Baada ya hapo kiache siku mbili bila kukigusa. Yote haya yafanyike baraza wazi au madirisha yakiwa yamefunguliwa, mbali na watoto na mbali na jiko: mvuke wa dawa hizi ni mzito kuliko hewa, hudhuru ini, na ukikutana na mwali hutoa gesi ya sumu ya fosijeni. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya dikloromethani mwaka 2024.

Wakubwa nao hawakusalimika na somo la viungo. Tarehe 16 Desemba 2022, silinda ya akriliki ya AquaDom, tangi kubwa la samaki mjini Berlin, ilipasuka na kumwaga takriban lita milioni moja, pamoja na samaki wapatao 1,500. Uchunguzi haukupata sababu moja ya uhakika, lakini miongoni mwa zilizopimwa ni kiungo cha gundi kushindwa na akriliki kukauka tangi lilipokuwa tupu wakati wa ukarabati. Akriliki hunywa maji kidogo na kuvimba, ikikauka husinyaa. Sampu iliyokwisha kutumika isiachwe tupu juani kwa wiki nyingi kisha ijazwe kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa stima ipotee. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50, na sampu ya 75 kwa 30 kwa 40 ambayo maji yake kwa kawaida husimama sentimita 22. Pampu ikizima, maji ya juu huendelea kushuka hadi yafike mdomo wa kisanduku cha kufurikia, kile kinachoyapokea na kuyashusha kwenye sampu. Yakishuka sentimita 3, hizo ni karibu lita 14 na nusu. Ongeza yaliyomo kwenye mapaipu, na sampu itapanda hadi sentimita 29 hivi. Salama. Lakini bomba la kurudishia maji likiwa limezamishwa sentimita 15 chini ya uso wa tangi, maji yatajivuta kurudi chini kama mafuta yanyonywavyo kwa mpira, lita 72, na nafasi iliyobaki kwenye sampu ni lita 40 na nusu tu. Lita 31 na zaidi ziko sakafuni. Valvu ya kuzuia maji yasirudi haitoshi, kwa sababu konokono mmoja au chokaa kidogo huifanya isifunge. Inua mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, na ulitoboe tundu dogo la kuingiza hewa.

Mwinuko nao una madai yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa nyuzi 25 maji yake hubeba oksijeni karibu moja ya tano pungufu ya maji ya Mombasa. Kwa samaki aina ya mbuna wa Ziwa Malawi, waliozoea mita 474, hilo si dogo, na bakteria wa kichujio nao wanapumua oksijeni hiyohiyo. Trei ya akriliki yenye matundu mengi, maji yakidondoka juu ya vichujio kabla ya kuzama, hulipa sehemu kubwa ya deni hilo kwa gharama ya kipande kilichosalia.

Hita ikae katikati ya kuta za ndani za sampu, kwenye chumba ambacho maji yake hayashuki, na isiguse ukuta. Fremu ya juu ikatwe kutoka kipande kimoja, pembe zake za ndani ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali hukusanya mvutano na kupasuka. Usitumie silikoni kuunganisha akriliki, maana haishiki. Usiisafishe kwa spiriti.

Ukimaliza, ijaze hadi ukingoni bafuni, si kabatini, na uiache siku tatu juu ya karatasi kavu. Uamuzi wangu ni huu: kwa tangi la juu, la kutazamwa, nunua kioo, kwa sababu akriliki huchubuka na hupinda zaidi chini ya uzito wa maji. Kwa sampu, trei na visanduku vya kufurikia, akriliki iliyokatwa na kuunganishwa hivi ndiyo chaguo bora kwa fleti ya Kileleshwa.