Shilingi ya Waziri na Ekari ya Bunda

Muswada binafsi ni rasimu ya sheria inayoletwa bungeni na mbunge asiye waziri, au na kamati ya Bunge, badala ya kuletwa na Serikali. Kanuni za Kudumu za Bunge la Tanzania zinauruhusu waziwazi, lakini ni nadra mno kuikuta sheria ya nchi iliyozaliwa kwa njia hiyo, ilhali katika mabunge ya majimbo ya Marekani, kama lile la Texas linalokutana kwa siku 140 kila baada ya miaka miwili, maelfu ya miswada hubeba majina ya wabunge walioileta, na wapiga kura huihesabu wanapowapima wawakilishi wao. Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama akimpima mbunge wake kwa kipimo hicho huenda akapata sifuri, na sifuri hiyo haitamweleza kitu, kwa kuwa mbunge wa Tanzania hufikisha dai lake kwenye sheria kwa zana nyingine.

Mfano ulio karibu ni wa tembo. Wilaya ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na katika vijiji vya ukingoni, Hunyari na Mariwanda vikiwamo, tembo huingia mashambani usiku wakala na kukanyaga mazao ambayo mkulima alikuwa amebakiza siku chache kuyavuna. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimpi mkulima huyo fidia, yaani malipo yanayolingana na thamani ya alichopoteza, bali humpa kifuta jasho, na pale mtu anapojeruhiwa au kuuawa, familia hupewa kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba hasara hailipwi. Viwango vilivyowekwa na kanuni za mwaka 2011 vilikuwa shilingi 1,000,000 kwa kifo, na kwa mazao vilianzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano, kiasi kikipanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, na shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka halikupata chochote. Kwa hiyo aliyelima pembeni kabisa mwa hifadhi, ambaye tembo humfikia kwanza, ndiye aliyeambulia patupu.

Mtu angedhani dawa ni mbunge wa Bunda kupeleka muswada binafsi wa kugeuza kifuta jasho kuwa fidia kamili, lakini hapo ndipo Ibara ya 99 ya Katiba inapoziba njia. Ibara hiyo inalizuia Bunge kushughulikia muswada wowote unaotoza kodi au kuibadilisha isipokuwa kwa kuipunguza, au unaoagiza fedha zilipwe kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, ambao ndio chungu kikuu cha fedha za umma, isipokuwa Rais awe amependekeza jambo hilo na pendekezo lake liwe limewasilishwa na waziri. Zuio linaigusa pia hoja yenye shabaha hiyo hiyo. Kwa kuwa karibu kila shida ya jimbo huishia kwenye fedha, iwe ni maji, barabara au tembo, mlango unaobaki wazi kwa muswada binafsi ni mwembamba sana. Nchini Kenya, ambako Katiba nayo ina masharti juu ya miswada ya fedha, Jude Njomo, mbunge wa Kiambu, alifanikiwa mwaka 2016 kupitisha sheria iliyozuia riba ya mikopo isizidi asilimia nne juu ya riba ya Benki Kuu, na muswada wake ulibana mfuko wa mabenki, si wa Hazina. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019.

Zana iliyo nyepesi zaidi ni hoja binafsi, ambayo huliomba Bunge lifikie azimio, yaani tamko la msimamo wake. Azimio si sheria, na tofauti hiyo ilionekana wazi baada ya Agosti 1993, wakati kundi la wabunge 55, Njelu Kasaka akiwa mtoa hoja wao, lilipolifikisha Bunge kwenye azimio la kuundwa kwa serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wakati huo hakuwa na kiti bungeni wala cheo serikalini bali alikuwa mstaafu aliyerejea Butiama, alilipinga kwa nguvu, na mwaka uliofuata likaachwa. Hapakuwa na kifungu cha sheria cha kufuta, kwa sababu hakikuwahi kuwapo. Ndiyo maana hoja nyingi huandikwa kwa lugha laini ya kuitaka Serikali ifanye tathmini au iangalie uwezekano, lugha ambayo wasikilizaji huiona ya woga, ingawa mara nyingi ni ufundi wa mwandishi anayeikwepa Ibara ya 99.

Hata hivyo ibara hiyo imeacha upenyo mmoja: inakataza kuongeza, haikatazi kupunguza. Katika upenyo huo ndimo ilimokaa desturi ya kushika shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha bajeti ya wizara fungu kwa fungu, mbunge asiyeridhika na maelezo ya kisera hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa waziri, na shilingi hiyo isiyonunua hata kiberiti hufungua mjadala ambao waziri hawezi kuukwepa. Kwa suala la kifuta jasho zana hii inafaa kuliko muswada, kwa sababu viwango vyake vimo katika kanuni, ambazo waziri mwenyewe huzitunga na kuzitangaza katika Gazeti la Serikali, hivyo ahadi yake ikishaingia kwenye kumbukumbu rasmi haihitaji sheria mpya ili itekelezwe. Udhaifu wake ni kwamba wengi huirudisha shilingi, yaani huiondoa hoja yao, mapema mno, kwa ahadi isiyo na tarehe.

Kuna kinaya kimoja katika zuio hilo la kodi. Mbunge huyo huyo asiyeweza kupendekeza kodi Dodoma ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na yule wa Musoma, kwa mfano, katika ukumbi wa Manispaa anaweza kupiga kura juu ya sheria ndogo inayoweka ushuru wa samaki, ingawa nayo haianzi kutumika hadi iidhinishwe na waziri.

Mpiga kura wa Hunyari anayetaka kujua mbunge wake alifanya nini kuhusu tembo aache kuhesabu miswada. Aifungue Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, ya siku ilipopitishwa bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii, aende moja kwa moja penye Kamati ya Matumizi, na atazame ni nani aliyesimama kushika shilingi, na kama aliirudisha kabla waziri hajataja tarehe.