Kuandamana si kuandama

Jumamosi moja mtaani Kaloleni, hapa Eastlands, kijana mmoja alinisimamisha karibu na ukumbi wa kijamii. Gazeti lilikuwa mkononi.

“Prof, hawa watu husimama nje ya kliniki kule Marekani kupinga uavyaji mimba, gazeti linawaita waandamanaji. Padri wetu anawaita watetezi wa uhai. Dadangu ni nesi, yeye anawaita wasumbufu. Sasa nani anadanganya?”

Mpenzi msomaji, swali hilo lanihusu mimi na wewe, na zaidi wanahabari wetu.

Tuanze na neno la gazeti. Kitenzi kuandamana kimetokana na kuandama, yaani kufuata. Kiambishi -an- huleta dhana ya kutendana: watu wanafuatana, msafara unakwenda. Ajuza aliyesimama langoni na rozari yake hamfuati mtu wala hafuatwi. Anasali. Najua maana za maneno hupanuka, na siku hizi mtu husema ameandamana hata kama alikuwa ameketi. Lakini hebu kitoe kiambishi hicho. Kuandama ni kumfuata mtu kwa kumwonea au kumsumbua. Anayemfuata msichana unyounyo hadi mlangoni akimtupia maneno, huyo anamwandama. Kiambishi kimoja tu kimetenga haki na bughudha!

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 37, inataja mambo manne: kukusanyika, kuandamana, kusimama mahali kuonyesha upinzani, na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, yote kwa amani na bila silaha. Wanasheria waliyatenga. Sisi tumeyatia yote katika kapu moja la ‘maandamano’.

Jina lina uzito hata mahakamani. Mwaka 2014, katika kesi ya McCullen dhidi ya Coakley, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya Massachusetts iliyowazuia watu kusimama ndani ya futi 35 kutoka lango la kliniki. Walalamishi walisema wao si waandamanaji bali ni washauri wanaozungumza na wanawake kwa upole, na mahakama ikawakubalia. Sheria ya England na Wales, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, haishughuliki na jina la mtu. Inataja vitendo ndani ya mita 150: kushawishi uamuzi wa mtu, kumzuia njia, kumsumbua.

Naona sheria hiyo, uipende usiipende, inatufunza uandishi. ‘Watetezi wa uhai’ ni jina la kujipa. Ukilitumia umeshasema kwamba wa upande wa pili ni maadui wa uhai. ‘Wapinga wanawake’ nalo linadai kujua yaliyo moyoni. Lakini ukiandika, “Watu kumi walisimama nje ya kliniki wakiimba,” nani atakushtaki? Na wakifunga lango, andika walifunga lango. Kusema ‘walikuwa wakisali’ tu, huku mgonjwa amekosa njia, ni uongo uliovaa kanzu.

Mjadala huu si wa ng’ambo pekee. Novemba 2018 bodi ya madaktari nchini ilisimamisha huduma za kuavya mimba za Marie Stopes, kisha ikaondoa marufuku hiyo Desemba. Kifungu cha 26(4) kinakataza kuavya mimba, ila pale mhudumu wa afya aliyehitimu anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Kwa hivyo, kuibandika zahanati jina ‘kliniki ya kuavya mimba’, ilhali humo pia watu hupanga uzazi na kupimwa, ni kumhukumu kila apitaye lango lile. Msichana wa Kaloleni aliyekwenda kuchukua tembe za kupanga uzazi ataelezaje kwao?

Nilimwambia kijana yule jibu limo katika jina la mtaa wake. Kulola ni kutazama. Kwa hivyo masikioni mwangu Kaloleni husikika kama amri: nendeni mkatazame. Mwanahabari naye aende akatazame kwanza wale watu wanafanya nini, ndipo awape jina.